Mama sawa, mmama hapana

SWALI: Nina miaka 34, naishi Moshi. Siku hizi makonda na wauza maduka wananiita mama, vijana wananiamkia shikamoo, na juzi kwenye daladala nimesikia nikitajwa "huyu mmama". Nimezeeka? Niitweje?

JIBU: Dada yangu, hujazeeka. Neno mama halisubiri mvi. Binti wa miaka 22 akijifungua leo hapo Majengo, wiki ijayo mtaa mzima unamwita Mama Neema. Bibi nalo lilitujia kutoka Uajemi na Bara Hindi likiwa jina la heshima la mwanamke, na Pwani heshima hiyo ipo hadi leo. Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926. Alipoanza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 hakuwa amefika miaka 30. Huku kwetu bibi amebaki kuwa mzaa mama au mzaa baba, kwa hiyo usimwite hivyo mwanamke wa miaka 50 pale Soko la Kilombero, Arusha, utamuudhi. Kwenye barua, Bi. ni ya mwanamke yeyote, ameolewa au hajaolewa.

Kilichokuumiza ni hiyo "mmama", na una haki ya kuumia. "Suka, shusha Sanawari, kuna mmama hapa!" Konda angesema "kuna mama anashuka" asingepungukiwa na kitu. Mama, baba, dada na kaka ni majina yasiyobadilika umbo kati ya umoja na wingi. Mama amefika, mama wamefika; ukitaka wingi usikike, sema akina mama. Umiliki wake ni yangu na zangu: dada yangu, dada zangu. Sasa mpe anayesema "wadada" kazi ya kuongeza umiliki: wadada wangu au wadada zangu? Atasita, kwa sababu neno ameligeuza nusu.

Wapo wanaojitetea kwa mjomba na wajomba. Mjomba amekuja na m- yake tangu mwanzo, hakubandikwa.

Lakini ubaya mkubwa haupo kwenye ngeli. M- na wa- mara nyingi hutaja aina ya mtu: mkulima, mpishi, mlevi. Mama hutaja uhusiano. Ukiniita mama, umejifanya mwanangu, na mimi nina wajibu kwako. Ukisema mmama umeukata uhusiano huo na kumpanga mwanamke kwenye kundi la umri fulani, unene fulani, khanga kiunoni. Jaribu kumwamkia mtu uso kwa uso: "Mmama, shikamoo." Hakuna anayesema hivyo, hata konda yule. Neno hilo ni la kumtaja mtu kana kwamba hayupo, naye ameketi kiti cha pili anasikia. Ndugu zake ni jimama na mishangazi, maneno ambayo kila mtu anajua ni ya dharau.

Mdada sitapigana naye tena. Vijana wamemchukua, wanamtumia kwa mapenzi, na kwenye simu zao atakaa. Nisichokubali ni wamama kupanda madhabahuni na kwenye mbao za matangazo. "Wamama wote wabaki baada ya ibada." "Kliniki ya wamama wajawazito." Andika akina mama. Andika wanawake. Kwa kliniki, wajawazito peke yake inatosha, maana hakuna baba mjamzito wa kutofautishwa naye.

Niitweje, umeuliza. Kwa asiyekujua na wa rika lako, dada. Kwa kijana aliye mdogo kwako kwa miaka kumi na zaidi, mama au dada, vyote sahihi. Ukipenda dada mwambie, "niite dada tu," naye atashika. Akina mama wa Kimaasai wanaouza shanga mjini Arusha waite yeyo, ndiyo mama kwa lugha yao.

Shikamoo usiikatae. Asili yake ni kushika miguu, na aliyekwisha kuinama huwezi kumwambia "mimi bado mdogo". Unamwaibisha mbele za watu. Itikia marahaba papo hapo, kisha ongeza "hujambo?" Kama mnakaribiana umri, wahi wewe kusema "habari za leo" kabla hajafungua mdomo.