Je, mwanangu atapandishwa kizimbani?

SWALI: Ndugu mwanasheria, mimi na aliyekuwa mume wangu tulitalikiana mwaka jana, na sasa amefungua shauri akidai kukaa na watoto wetu, wa miaka tisa na mitano. Nimeambiwa kwamba hakimu atamwita mkubwa na kumwuliza anampenda nani. Nimwandae vipi?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri yake kwa faragha, na mtoto wa ugomvi kama huu hapandishwi kizimbani. Mara nyingi hakimu huzungumza naye ofisini kwake, afisa ustawi wa jamii akiwapo, nanyi wazazi mkisubiri nje. Hakimu anayeijua kazi yake hamwulizi mtoto anampenda nani. Huanzia mbali: nani humwamsha kwenda shule, akishikwa na homa usiku humwita nani, daftari la hesabu hukaguliwa na nani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inatanguliza ustawi wa mtoto, kisha inataka matakwa yake yazingatiwe iwapo umri unamruhusu kutoa maoni yake mwenyewe. Kwa huyo wa miaka mitano, sheria hiyohiyo inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, ingawa baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga dhana hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaona vyema ndugu wasitenganishwe, kwa hiyo neno la mkubwa, hata likiwa na uzito, halitaamua peke yake. Taarifa ya afisa ustawi aliyefika nyumba zote mbili nayo itasomwa.

Sheria hiyo ya 2009 imeweka sharti kwamba maoni ya mtoto yawe yametolewa kwa uhuru, na hapo ndipo wazazi wengi hujiharibia. Niliwahi kumsikia mtoto wa darasa la tatu akisema baba yake "hatoi matunzo stahiki". Hakimu aliweka kalamu chini, akamwuliza stahiki ni nini; mtoto akageuka kutazama mlangoni, alikomwacha mama yake.

Kwa hiyo usimfundishe la kusema. Mwambie tu kwamba kuna mtu mzima atakayezungumza naye, na kwamba akijibu "sijui" hakuna atakayemkasirikia. Mpe chai kabla hamjatoka, na mkirudi, usimwulize njiani alisema nini.