Pikipiki ya sisi (cc) 650 au 1000 baada ya leseni?

Umeuliza kama leseni ikitoka uruke moja kwa moja hadi pikipiki ya sisi 1000 (cc, yaani ukubwa wa injini). Anza na 650 ya silinda mbili. Ina nguvu za farasi kama 70. Zile 1000 za mbio hupita 180, na ukivuta mafuta bila kukusudia kwenye kona yenye maji, tairi la nyuma linaweza kuteleza kabla hujawahi kufikiri.

Mtihani wenyewe huwashinda wengi kwenye mwendo wa polepole, hasa kugeuza. Ishikilie klachi pale inapoanza kushika, mafuta yasipande wala kushuka, tuliza mwendo kwa breki ya nyuma, tazama unakokwenda. Usikate usukani huku umeshika breki ya mbele: pikipiki italala hapo hapo. Ukisimama kwa dharura, hiyo ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, lakini ibane ikizidi taratibu, usiikwapue.

Kabla ya kulipa, kaa juu yake, iweke wima, kisha irudishe nyuma kwa miguu. Ikikushinda, ni nzito au ndefu mno kwako. Kama imeshatumika, soma tarakimu 4 ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019.