Ukienda Cannes, tia kanga begini

Wadogo zangu mnaokuja kwangu fildi, swali lenu nalijua kabla hamjaketi. Mnaitazama ile picha ukutani, mimi na kitambulisho kimening'inia shingoni mbele ya jengo la Palais des Festivals kule Cannes, kisha mmoja wenu anajikohoza: "Dada, kule ulifikaje?" Siku zote nimejibu kwa mkato kwa sababu ya kazi. Leo mvua imetufungia hapa Ngamiani, Tanga, na umeme umekatika, basi nisikilizeni.

Mkutano wenyewe ni Cannes Lions, mkutano na tuzo za watu wa matangazo wa dunia nzima. Hufanyika kila Juni kwa siku tano, kusini mwa Ufaransa, katika jengo lile lile la tamasha la filamu la mwezi Mei. Ulianza mwaka 1954 mjini Venice, Italia, na tuzo yake ya simba ilitokana na simba wa uwanja wa San Marco wa mji huo. Si simba wa Serengeti, ingawa nilikwenda nikiamini hivyo. Na nilipomwomba mjomba mchango "niende kwenye Simba," alininunia wiki nzima. Yeye ni shabiki wa Coastal Union damu damu, Wagosi wa Kaya, akadhani nimehamia timu ya Simba, Msimbazi.

Tuanze na hela, maana hapo ndipo wengi mnapoishia. Tiketi kamili ya mtu mmoja ni yuro elfu kadhaa. Msiogope bado: walio na miaka 30 kushuka wana tiketi za bei nafuu, na yapo pia mashindano ya Young Lions, ambako vijana wawili wawili hupewa kazi ya mteja na kuimaliza ndani ya siku moja au mbili. Tiketi yangu ililipiwa na wakala mmoja wa matangazo baada ya mwalimu wangu kuwaandikia barua, na akaandika tena, na tena. Nauli ilitoka kwa mjomba alipokwisha kununa, kwa shangazi, na kwa zamu ya mama kwenye upatu. Ukishachangiwa na watu wa aina hiyo hulali ovyo mkutanoni.

Viza ndiyo iliyonitoa jasho. Maombi ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla yake. Msingoje hizo 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024 (mimi nililipa 80), na ukinyimwa hairudishwi. Wanataka barua ya chuo, barua ya mwaliko, pa kulala, tiketi, maelezo ya nani anakugharamia, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Kwenye bima ndipo nilipojikwaa. Nilinunua ya bei chee bila kusoma maandishi madogo, nikafika dirishani Dar naambiwa kinga haitoshi. Kwa mtu wa Kinondoni kosa kama hilo ni nauli ya daladala. Kwa mtu wa Tanga ni kilomita 350 kurudi na nyingine 350 kwenda tena. Someni karatasi zenu zote hapa hapa, mezani, mtu mwingine akizikagua, kabla hamjapanda basi.

Jambo jingine la benki. Usikope milioni kadhaa uziingize kwenye akaunti wiki ya kuomba viza ili taarifa ipendeze. Anayeikagua anaona tarehe. Kama mjomba ndiye mwenye hela, leta taarifa ya benki ya mjomba, barua yake na leseni yake ya biashara. Kuchangiwa si aibu.

Na kama Ulaya haifikiki mwaka huu, kuna Loeries ya Afrika Kusini, tuzo za matangazo pia, iliyoanzishwa mwaka 1978, nayo ina tuzo za wanafunzi. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi. Sijui kwa nini vijana wetu huiruka wakakimbilia Ufaransa. Pengine ni hiyo picha yangu ukutani.

Malazi sitayasemea sana. Cannes wiki ile haikaliki kwa bei, kwa hiyo tulilala Nice, ulipo uwanja wa ndege, tukawa tunakwenda kwa treni, kama nusu saa hivi. Angalieni treni ya mwisho ya usiku inaondoka saa ngapi. Sisi ilituacha mara moja, tukakaa stesheni mpaka kukacha. Chakula: Nice kuna kitu kinaitwa socca, mkate mpana wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni. Mtu aliyekulia bajia za dengu za hapa kwetu hapotei. Na kwa mnaoswali, jueni kwamba Juni kule jua huzama saa tatu usiku na ushei. Magharibi unaingoja hadi unasinzia.

Hilo la saa linanikumbusha kosa langu kubwa.

Siku ya tatu nilikuwa na miadi ya kuonyesha kazi zangu kwa mkurugenzi wa ubunifu, dakika 15 nilizoziombea kwa barua pepe tangu Aprili. Aliniandikia: 9. Nikaandika kwenye daftari "saa 9." Nikaenda alasiri, nimenyooka, kilemba kimekaa, meza tupu. Yeye alinisubiri saa tatu asubuhi, akaondoka zake. Kiswahili chetu kinahesabu saa tangu jua linapochomoza. Wao wanahesabu tangu usiku wa manane. Nilikuwa nalijua hilo tangu shule ya msingi. Lakini ukiwa umechoka mkono unaandika kwa lugha ya kwenu. Andikeni miadi yote kwa namba 24: 09.00, 15.00. Msitie neno "saa."

Nikakaa kwenye benchi nje ya chumba, machozi yapo karibu. Pembeni yangu akaketi mama mmoja mtu mzima, kumbe mwandishi wa matangazo wa miaka mingi kuliko umri wangu, anapumzisha miguu. Akaniuliza nina nini, nikamweleza, akasema nimwonyeshe yeye. Akapitia kazi zangu: bango la benki, bango la sabuni, tangazo la simu, zote kwa Kiingereza cha vitabu vya chuo. Alizipitia kwa adabu. Uso haukusema kitu.

Sasa, usiku wa kuamkia safari mama alikuwa amelipekua begi langu akatia doti ya kanga. Nikamwambia kule sina pa kuivaa. "Utajifunika kwenye ndege," akasema, na kweli nilijifunika. Siku ile upindo ulikuwa unachungulia begini. Yule mama akauliza yale maandishi ni nini. Yalisema: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Nikatafsiri neno kwa neno, naye akadhani ni mambo ya utabiri wa magazetini. Ikabidi nianze upya. Nikamwambia kwetu ni pwani, manahodha waliongozwa na nyota. Na nyota ya mtu ni bahati yake. Kwa hiyo usifunge safari kwa kutegemea bahati ya mwingine. Akatikisa kichwa, bado hajaridhika. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani kwa miaka mitatu: "Anayesoma ni nani?"

Nikanyamaza. Maana aliyeivaa hasomi. Jina, yaani yale maandishi, limekaa nyuma yake. Anayesoma ni anayekuja nyuma: jirani, wifi, mke mwenza. Na akiulizwa, "Wanisema mimi?" mvaaji anajibu, "Mie nimevaa kanga tu." Nilipomweleza hivyo yule mama akakiweka chini kishikwambi changu, akaomba kuishika kanga. Mtu, akasema, ananunua tangazo kwa hela yake, analivaa, analitembeza, na anachagua njia ya kupita kulingana na anayetaka asome. Tulikaa pale saa nzima. Alinitajia kasoro za mabango yangu moja moja, na zote zilikuwa kasoro moja: hayakuwa na msomaji. Yalikuwa yanazungumza na kila mtu aliyepita.

Kwa hiyo mkinionyesha potifolio, ndiyo maana nauliza swali lile lile mpaka mnanichoka. Ukileta bango la muuza maziwa wa Barabara ya Nane, niambie anayelisoma yuko juu ya baiskeli au kwa miguu, anakwenda au anarudi, ametumwa au anajinunulia. Bora kazi mbili za namna hiyo, za Kiswahili, na karatasi inayoeleza, kuliko ishirini za kuigiza London.

Siku mbili zilizobaki niliziacha hotuba za ukumbi mkubwa. Watu maarufu utawaona kwenye simu ukiwa Raskazone unakula pweza. Nilishuka chini ya jengo, zinakoonyeshwa kazi zilizoshindanishwa, kila moja na filamu yake ya maelezo isiyozidi dakika 2. Hakuna foleni wala picha za kupiga. Nilibeba daftari nikawa naandika: tatizo limesemwa sekunde ya ngapi? Mteja alipata nini? Ushahidi uko wapi? Baada ya filamu thelathini hivi unaanza kuwanusa waongo. Mwaka 2025 wakala mmoja wa Brazil alipoteza tuzo kuu baada ya kubainika kwamba filamu yake ya maelezo ilichezewa kwa akili mnemba. Sikushangaa hata kidogo. Nanyi mnaponiletea ripoti ya fildi kwamba stika zenu "zimeongeza mauzo maradufu," nawauliza daftari la mauzo liko wapi, mnanuna kama mjomba.

Kadi za watu mtakazopewa, andikeni nyuma yake mlizungumza nini, usiku ule ule. Nilirudi na kadi arobaini na moja, nikaweza kuwaandikia watu tisa tu. Waliobaki sikukumbuka hata sura. Kati ya hao tisa, wanne walijibu. Mmoja ndiye aliyenipa kazi ya kwanza ya kulipwa kwa yuro, kuandika matangazo ya redio ya Kiswahili, na mashine ile ya kuchapia mnayoigombania ilitoka humo.

Kanga sikurudi nayo. Nilimwachia yule mama, ipo kwenye ukuta wa ofisi yake. Alinitumia picha, ameitundika juu chini. Mama yangu alinidai hadi nikampeleka sokoni kuchagua nyingine. Alipekua meza nzima, akachukua moja yenye jina ambalo sitalitaja hapa, kwa sababu jirani yetu anajua kusoma.