Karai la Mwalimu Mwanagenzi

Mhariri, salaam.

Mmeuliza wiki hii: "Je, shule zipige marufuku mizaha ya siku ya kuagana kwa Gredi ya 9, yaani kumwagiana unga, kuandikiana mashati na kuigiza walimu?" Mimi ni mzazi. Mwanangu alimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025 katika shule moja ya serikali huku Kisauni, Mombasa, na jibu langu ni la. Msipige marufuku chochote. Unga peke yake ndio nawaachia, maana tangu pakiti ya kilo mbili ivuke shilingi 200 mwaka 2022 sijaona ucheshi wowote katika kuumwaga chini. Na mayai pia. Hayo tumeyamaliza.

Mashati nayo sioni kesi yake. Shati likifika mwisho wa Gredi ya 9 kola imeshageuzwa kwa fundi na kwapa zimeshapigwa viraka, na bado kuna mtu anasema ati lihifadhiwe mdogo wake aje alivae. Mwacheni mtoto aandikwe mgongoni na wenzake.

Kilichonichoma ni hilo la kuigiza walimu, na hasa namna swali lenu linavyowazungumzia watoto hawa kama kwamba wamerithi tabia mbaya mahali. Wamerithi kwa nani? Sisi wa darasa la nane tulikuta mila zipo: daftari la otografu lenye maua pembeni, kadi za mafanikio za kulia muziki, na dada zetu waliotutangulia wakatufundisha wapi pa kulia na wapi pa kucheka. Kundi hili, la kwanza la mtaala mpya, halikuwa na dada. Ndilo lililofanya mtihani wa kwanza wa Gredi ya 6 mwaka 2022, likasubiri kuambiwa litasomea wapi, likaishia Gredi ya 7 mwaka 2023 katika shule zile zile za msingi, lango lile lile waliloingia wakiwa chekechea. Hadi Oktoba 2025 hakukuwa na mtoto hata mmoja Kenya nzima aliyewahi kuaga Gredi ya 9. Walichofanya wamekibuni wenyewe, na kwa hilo mimi nawavulia kofia.

Marufuku tumeshayaona. Mwaka 2016, wakati wa Waziri wa Elimu Matiang'i, siku za maombi na sherehe za muhula wa tatu zilisimamishwa kwa ajili ya wizi wa mitihani. Sherehe zilikwenda wapi? Kila mtu wa hapa anajua. Pwani ya Pirates, na tuktuk zilizobeba watoto mara mbili ya inavyotakiwa. Shuleni angalau kuna mwalimu wa zamu.

Halafu jamani, huu ni mji gani? Huu ni Mvita ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa akiwarushia Walamu na Wazanzibari mashairi ya kejeli zama za utawala wa Mazrui. Harusini mama zetu hupiga vugo, ngoma ya wanawake, na kumwimbia jirani aliye papo hapo, amekaa, anatabasamu kwa meno ya mbele tu. Tukigombana na mtu hatusemi naye, twavaa leso yenye jina, yaani maandishi, la kumfaa tukapita mlangoni kwake. Leo mtoto wa mji huo akimwigiza hedimasta, gazeti lauliza kama apigwe marufuku.

Nitawasimulia niliyoyaona, ndipo mniambie lipi la kukatazwa.

Ilikuwa Oktoba, kabla ya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9. Tenti za kukodi, viti vya plastiki, na spika iliyokuwa ikikoroma kila stima ikitikisika. Ratiba ilikuwa na dua ya sheikh, maombi ya pasta, hotuba, na baada ya hotuba hotuba. Kisha palikuwa pameandikwa tu: kipengele cha wanafunzi. Hakuna mtu mzima aliyejua ni kitu gani. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kutufikia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Akatoka msichana mmoja mwembamba, miwani imeteremka puani, faili kubwa kwapani, anatembea kwa ule mwendo wa naibu wa hedimasta wa kuvuta mguu wa kushoto. Akaishika maiki. "Wazazi, karibuni. Leo mmekuja kuchukua ripoti." Sauti ilikuwa ya naibu mtupu, hata naibu mwenyewe akageuka kutazama nani amezungumza. "Ripoti za walimu."

Kwa wasio na watoto wa umri huu: siku hizi mtoto hapewi namba. Huambiwa amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko chini ya matarajio. Wazazi tumeteseka na maneno haya miaka, hatujui kama tumpongeze mtoto au tumnyime chakula. Siku hiyo ndiyo niliyoona yamepata kazi ya maana.

Hedimasta. "Kufupisha hotuba: yuko chini ya matarajio. Kusema 'kwa kumalizia': amezidisha matarajio. Paredi ya Jumatatu amemalizia mara nne." Hedimasta alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Mwalimu wa Kiswahili. "Kusahihisha insha: anakaribia matarajio. Za muhula wa kwanza bado zinakaribia."

Maabara ya sayansi nayo ikapewa ripoti yake, kama mtu. "Haijaonekana kwa macho. Tutaitafuta kwa hadubini, ambayo nayo haijaonekana."

Bi mkubwa wa Hisabati hakupewa maneno mengi. "Kufika darasani kabla ya kengele: amezidisha matarajio, na tunamwomba apunguze." Wasichana wawili wakaja na leso mpya kutoka Mtaa wa Biashara, wakamfunga begani, na mmoja akalisoma jina lake kwa sauti: Japo sipati tamaa sikati. Alama zote za Hisabati za msichana huyo za miaka mitatu zilikuwa humo. Yule mama alikumbatia watoto wale, nami nikajikuta nafuta macho, na mimi si wa kulia hovyo.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeandika barua fupi. Akafuata mwalimu wa sayansi, kijana, wa mwisho kwenye safu. Alisomea Kemia na Bayolojia, shuleni akaongezewa Kilimo, juu yake akatundikwa filimbi ya mpira. Ni mwanagenzi, mwalimu wa posho asiyeajiriwa bado kwa kudumu. Wenzake wa kundi la kwanza waligoma mwaka 2024, na Januari 2025 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Yeye aliingia baada yao, kwa posho ile ile ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Msidhani watoto hawajui. Wanajua kuliko kamati ya wazazi.

"Kupendwa na wanafunzi: amezidisha matarajio." Makofi. "Kuja kazini hata kukiwa na mafuriko: amezidisha matarajio." Makofi zaidi. "Mshahara..." Msichana akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sketi namna afanyavyo naibu. "Chini ya matarajio."

Kicheko kilichotoka kilikuwa chetu sisi wazazi, si cha watoto. Wavulana wawili wakaleta karai la bati, ndani mna pakiti ya unga, sukari kilo, majani ya chai, chupa ya mafuta ya kupima na sabuni ya mche. "Huu ni mchango wa Gredi ya 9, mpaka serikali itakapofikia matarajio." Mgeni wa heshima, ambaye ofisi yake ilikuwa karibu na jambo hilo kuliko ofisi yoyote, alikuwa kwenye kochi lake mbele, akipiga paja kwa kucheka.

Mwalimu akainuka. Akachukua maiki, akasema, "Nashukuru. Sina la kuongeza." Akalibeba karai. Tulidhani atalirudisha mezani. Akapita nalo katikati ya safu zetu, akatoka langoni, akasimamisha boda, akalipakata, wakaenda.

Watu walivunjika mbavu. Hapo ndipo mama mwenye duka mbele ya shule, aliyekuwa kiti cha pili yangu, aliporuka: "Lo! Mafuta yangu! Sukari yangu! Mimi niliwaazima tu!" Kumbe vitu vyote vilikuwa vya dukani kwake, virudi rafuni jioni. Hedimasta akaja kutuliza, akaanza na "kwa kumalizia", na uwanja ukaanza upya.

Mwalimu alirudi pilau ikigawiwa. Mikono mitupu. Akala, akapiga picha na darasa, akaandikwa shati lake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza. Mama wa duka nasikia alilipwa na hedimasta kutoka mfukoni, ingawa mwanangu asema aliyelipa ni naibu.

Tumebishana nyumbani juu ya kitu hiki. Mwanangu anashikilia kwamba mwalimu alikuwa akicheza: aliuona utani, akautilia mkia, na ndiyo sababu wanampenda. Huenda. Watoto wanawajua walimu wao. Lakini mimi alipita mbele yangu na lile karai, na hakuwa akicheka.

Ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona tofauti. Hedimasta alichekwa kwa jambo analolifanya mwenyewe. Akitaka atafupisha hotuba kesho. Insha za mwalimu wa Kiswahili zikisahihishwa, utani umekwisha. Yule kijana alichekwa kwa jambo alilofanyiwa. Watoto, nawatetea, walikuwa wakiilenga serikali, na walilenga sawasawa. Sisi wenye akili zetu ndio tuliomcheka mtu.

Kwa hiyo nimeanza kwa kusema msipige marufuku chochote, na sasa naona nataka kanuni. Labda kila ripoti ionyeshwe anayeandikwa kabla ya siku yenyewe. Ila utani ulioombewa ruhusa huwa hotuba, na hotuba tulikuwa nazo za kutosha. Na kama hedimasta angeyasoma maneno yale mapema, mstari wa kwanza kufutwa ungekuwa wa mshahara, nao ndio peke yake ulionifanya mimi nifikiri tangu asubuhi ile. Mgumu huu, na mimi si mwalimu.

Basi andikeni hivi, lakini msiandike kwamba nimesema kwa uhakika. Kuigiza kubaki. Hedimasta na naibu wachekwe bila ruhusa, cheo kina ngozi ngumu. Mishahara ya wanagenzi isiguswe, isipokuwa pale mgeni wa heshima akiwa ni mtu wa kuhusika na mishahara hiyo. Hapo iguswe sana, na karai liwekwe mbele ya kochi lake, tupu, alijaze yeye.

Na vitu vya dukani vinunuliwe. Visiazimwe.

Mzazi, Kisauni