Dubwi halina anwani

Juzi nimeletewa ramani ya madubwi, zile mashine za kamari za sarafu, nikague: Tandale nyeupe, Mbagala nyeupe, yaani hamna kitu, Posta inawaka moto. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana ramani hiyo niliwahi kuichora mimi. Wadogo zangu, kaeni.

1. Kagueni kodineti, zile namba za latitudo na longitudo. Dar ni -6.8, 39.28, ukizigeuza, Buguruni inahamia Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Hili sisemi tena.

2. Bafa ya duara, yaani eneo la umbali uleule kuzunguka nukta, haijui kama kuna mto Msimbazi. Pimeni kwa njia ya miguu; Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani na wananchi, walishachora vichochoro vingi.

3. Orodha ya leseni za kamari. Hapa ndipo nilipoumbuka. Jua lilikuwa kali, feni ya ofisini tamu, nikaimwaga orodha yote kwenye programu itafute anwani yenyewe. Kumbe anwani nyingi ni sanduku la posta la makao makuu. Na programu ile ikikwama haisemi. Inatupa nukta katikati ya jiji. Nikaweka bafa ya mita 500, nikaoanisha na Sensa ya 2022, likatoka bonge la duara jekundu. Nikalipeleka kikaoni kwa mbwembwe.

Mtendaji mmoja wa kata, mama mtu mzima, akavaa miwani, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole. "Mwanangu, hapa si viwanja vya Mnazi Mmoja? Wanabeti na nani, kunguru?" Ukumbi ukaangua kicheko. "Na kwangu mbona kweupe? Njoo Alhamisi."

Nikaenda. Kutoka serikali ya mtaa hadi shule ya msingi nikahesabu madubwi tisa. La mwisho lilikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, limefunikwa kanga, mbele yake ndoo ya rangi imepinduliwa iwe kiti. Nikajiuliza, nani anakalia kiti kifupi hivi, na sheria inasema miaka 18? Kengele ya shule ikalia. Nikamwona, sare ya kaptula, mia mbili ya sarafu kiganjani.

Tangu siku hiyo nyeupe zangu ni mbili: tulifika hatukukuta, na hatujafika. Msizipake rangi moja. Wanaobeti kwa simu hawamo kabisa, liandikeni hilo kwenye ripoti.

4. Beba barua ya mtaa, nunua soda kabla ya kuuliza, na tableti ibaki kwenye begi. Mimi siku ile niliishika mkononi, nikadhaniwa mtu wa kodi. Dubwi la kumi lilifungiwa stoo nikiangalia.