Faili lako ni zima: albamu ya pili ya Incredible String Band, tulivyoisikia sisi Lamu

Ndugu mleta uzi, umesema umeshusha albamu ya pili ya The Incredible String Band, bendi ya Waskochi Mike Heron na Robin Williamson, ile ya Julai 1967 yenye jina refu, The 5000 Spirits or the Layers of the Onion. Ukaiweka masikioni ndani ya basi la Mombasa, na hujafika Witu ukazima. Unauliza kama faili ni bovu, maana wimbo wa kwanza sauti inayumba kama kaseti iliyoingia maji. Halafu unauliza watu wanasifu nini hapo. Nitajibu kirefu, kwa sababu swali la kwanza nimewahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa nilikaa nalo zaidi ya miaka ishirini, nalo si sahihi.

Marehemu baba alikuwa na nyumba ya wageni Mkomani, hapa Lamu, vyumba vitano na dari ya makuti. Miaka ya sabini mwanzoni walikuwa wakija mahipi, wengine wakikaa miezi. Mmoja wao aliondoka alfajiri na jahazi huku akidaiwa kodi ya wiki mbili, akaacha taa ya mafuta, blanketi na santuri tatu. Mbili zilikwenda na njia zake. Ya tatu ndiyo albamu hii; mama aliipenda kwa kava, ile picha ya rangirangi yenye mtu mwenye mbawa, akaitundika ukumbini. Baadaye sana nilijua kava lile lilichorwa na Simon Posthuma na Marijke Koger, Waholanzi waliojiita The Fool. Kwetu lilikuwa pambo tu, kama sahani za ukutani.

Nilipokuwa kijana, kama miaka kumi na tano hivi, tukapata gramafoni ya betri. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilipanda na santuri darini nikaisahau juu ya sakafu ya chokaa, jua la Februari, tangu saa nne hadi alasiri. Nilipoirudia, ukingo wake ulikuwa umepinda kama kaukau. Katikati salama, ukingoni kilima.

Sasa santuri huanza ukingoni. Kwa hiyo wimbo wa kwanza, Chinese White, kila tukiupiga sindano inapanda kilima na kushuka, inapanda na kushuka, na kile chombo kinacholia nyuma ya sauti ya Mike Heron kinayumba mpaka kichwa kinauma. Nikaamini ni kosa langu. Hata wageni nilikuwa nikiwaomba radhi: samahanini, huu wa kwanza umepinda, ngojeni wa pili.

Mwaka 2006 mgeni mmoja mama mtu mzima, Mskochi, aliiona ukutani akapiga ukelele. Alikuwa nayo tangu usichana. Aliporudi kwao akanitumia sidii. Nikaweka, nikakaa vizuri nisikie Chinese White iliyonyooka kwa mara ya kwanza maishani. Inayumba! Ile ile!

Ndivyo ilivyorekodiwa. Kile chombo ni gimbri, kinanda cha Morocco chenye nyuzi tatu na uso wa ngozi, na Robin Williamson hakidonoi kama wenyewe Wamorocco, anakipiga kwa uta kama fidla. Ngozi haishiki sauti kama ubao, na uta juu ya nyuzi za namna ile hautulii. Ukitaka kujua tofauti ya santuri iliyopinda na gimbri, hesabu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 kwa dakika, kwa hiyo kilima changu kilikuja kila baada ya karibu sekunde mbili, bila kukosa, kama pampu ya kisima. Gimbri haina ratiba. Inafuata pumzi ya mwimbaji, mara inamtangulia, mara inamsubiri. Sikiliza tena faili lako na kipimo hicho, utaridhika kwamba si bovu.

Gimbri ilifikaje pale? Albamu yao ya kwanza ya 1966 walikuwa watatu: Williamson, Heron na Clive Palmer. Wakaimaliza, wakatawanyika. Palmer alishika njia ya Afghanistan, Williamson akaenda Morocco pamoja na mpenzi wake, Licorice McKechnie, Heron akabaki Edinburgh. Pesa zilipomwishia Williamson akarudi na vyombo. Yeye na Heron wakaungana tena, wakaingia studio ya Sound Techniques huko Chelsea, London, mtayarishaji akiwa Mmarekani Joe Boyd na fundi mitambo John Wood. Wakati huo Williamson ana miaka 23. Kwa hiyo unachokisikia ni kijana aliyetoka safari na chombo cha watu, anakipiga anavyojua yeye.

Hapo ndipo baraza yetu ilipogawanyika.

Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa akipiga gambusi. Si udi huu wa taarabu mnaoujua kwa marehemu Zein L'Abdin, mwenzetu wa Lamu. Nasema gambusi la kale, wengine huliita kibangala, mti mmoja uliochimbwa tumbo na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Vijana hapa wanaliona makumbusho tu. Nilidhani Ami ndiye atakayeipenda albamu hii kuliko sote, maana ngozi ni ngozi, na mlio ule wa koo kavu ni jamaa yake. Nikamwita: Ami, ndoo usikie, mzungu yuwapija ngozi.

Alisikiliza wimbo mzima, fimbo katikati ya magoti. Kisha akasema, "Chombo anacho. Wimbo hayui."

Akaeleza, na maelezo yake mpaka leo ndiyo lawama nzito zaidi niliyoisikia juu ya albamu hii, nzito kuliko za wanaosema ni kelele. Alisema mtu huyu anazunguka nyumba hapati mlango. Mpigaji wa kwetu akigusa uzi, tayari ameshachagua maqamu, yaani ngazi ya sauti atakayoifuata, na kila noti inajua kwao. Huyu anakwangua palipo karibu na sauti ya mwenzake, akipata apate. Nikamwambia lakini Ami, ndiyo uzuri wake. Akaniangalia kama niliyemwambia wali mbichi ni mtamu.

Nimegundua ndivyo ilivyo kwa wasikilizaji wengi. Asiyejua vyombo hivi husema ni vya ajabu, akaisifu kwa ajabu hiyo. Anayevijua husema vimepigwa ovyo. Wote wawili wanasikiliza chombo. Na mimi nasema, ndugu mleta uzi, albamu hii ukiisikiliza kwa chombo utaikosa. Wenzetu wameipachika jina la saikedelia na roki, ukaingia ukitarajia gitaa la umeme lingurume. Halingurumi. Hii ni albamu ya watunzi wawili wenye magitaa ya kawaida na maneno mengi. Vile vyombo vya safarini ni viungo tu. Usihukumu pilau kwa kutafuna hiliki.

Ushahidi wangu ni Ami huyo huyo.

Upande wa pili kuna wimbo wa Heron, The Hedgehog's Song. Hedgehog ni kalunguyeye, si nungunungu, nimeona mtu kwenye uzi huu ametafsiri vibaya. Ni wimbo mwepesi, wa kuchekesha. Mwanamume anasimulia mapenzi yake yanavyomharibikia, na kila yakiharibika kuna kalunguyeye anamwimbia, akimwambia kwa maana hii: maneno yote unayajua, noti zote umeziimba, lakini wimbo wenyewe hujapata kujifunza.

Nilipomtafsiria Ami mstari huo alinyamaza kidogo. Halafu akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka. Yale ndiyo aliyoyasema yeye juu ya gimbri, neno kwa neno karibu, na kumbe jamaa wenyewe wamejisema kabla yake! Tangu siku hiyo akija haombi santuri kwa jina, anasema, "Nitilia ile ya mnyama." Gimbri hakuisamehe hata hivyo. Wimbo wa kwanza ukianza alikuwa akitoka kwenda kutawadha.

Wimbo mwingine uliomkalisha ni My Name Is Death, wa Williamson, karibu sauti moja tu na gitaa. Mauti yanajitambulisha, mwanamke tajiri anaomba aongezwe miaka michache, anatoa dhahabu na vito, anaambiwa vua mapambo. Wimbo umejengwa juu ya mashairi ya kale ya Waingereza ya mtu na mauti wakijibizana. Kwa mtu wa visiwa hivi hakuna la kigeni hapo. Sisi tumelelewa na Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir akiusema moyo wake mbele ya majumba ya Pate yaliyobaki popo. Ami alisema tu, "Huu waadhi." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Mke wangu naye ana lake. Anaupenda Painting Box, nao ni wa Heron, na kila ukipigwa anauliza swali moja: huyu mwanamke mbona hapewi kuimba zaidi? Anamsema Licorice, sauti nyembamba inayoingia juu ya Heron kama mtoto anayechungulia mlangoni. Nimeshamjibu mara kadhaa kwamba albamu ni ya Heron na Williamson. Hajaridhika, na nikisikiliza vizuri naona ana haki.

Yule mama Mskochi alinieleza kwamba kwao mabishano si kama albamu hii ni nzuri, bali ni hii au ya tatu, The Hangman's Beautiful Daughter ya Machi 1968. Ya tatu ilifika nafasi ya 5 Uingereza, hii ilibaki nje ya ishirini za mwanzo. Walio wengi wanaoipenda bendi wataitaja ya tatu. Mimi nimeisikia, ni pana zaidi, vyombo zaidi, na kuna mahali wanajisikia mno. Ya pili ina nyimbo unazoweza kuziimba ukichota maji. Hiyo ndiyo kura yangu.

Si kwamba yote nayakubali. The Mad Hatter's Song, pamoja na sitari yake, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi, mimi huiruka. Inabadilika mara nyingi mno, kama mtu anayehama kiti kila akianza kuongea. Blues for the Muse siwezi kuusema kwa haki kwa sababu ndio wa kwanza upande wa pili, nao kwenye santuri yangu umepinda vilevile, nikaukinai kabla sijausikia sawasawa. Little Cloud, ule wa kiwingu kinachocheka, watoto wangu waliupenda na mimi nilijifanya siupendi.

Basi ukijaribu tena, usianze na wa kwanza. Anza na First Girl I Loved wa Williamson. Mtu anamkumbuka msichana wa ujanani, mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba, na sasa anajaribu kumfikiria akiwa mke wa mtu, na nyumba na gari, mgeni kabisa. Hakuna kilio wala lawama. Judy Collins wa Marekani aliuimba mwaka uliofuata akageuza msichana kuwa mvulana, ukasimama vilevile, kwa hiyo ujue umejengwa imara. Sikiliza pia lile besi kubwa la kusimama, ni la Danny Thompson. Sauti ya Williamson inapanda na kuteleza kila upande, besi ndilo linalomshika. Kama nahodha kijana na tanga, na mzee ameketi kwenye usukani kimya.

Kisha kalunguyeye, kisha mauti, kisha Painting Box. Baada ya hapo rudi mwanzo, Chinese White, na gimbri yake. Usisikilize ndani ya basi, injini ile inakula nyuzi zote nyembamba. Ngoja umeme ukatike usiku mtaa ukinyamaza, weka spika ndogo barazani.

Wa mwisho kabisa kwenye albamu ni Way Back in the 1960s. Kijana Williamson anajifanya mzee wa miaka mingi ijayo, anawasimulia vijana jinsi enzi zile zilivyokuwa. Miaka ya themanini ulikuwa mzaha tu kwetu. Sasa Williamson ni mzee kweli, amepita themanini, Ami hayuko, mimi ndiye mwenye fimbo hapa barazani, na juzi mpwa wangu alinikuta nikiupiga akaniuliza kama ni mimi ninayeimba.

Santuri bado ipo. Nimewahi kuambiwa inaweza kunyooshwa kati ya vioo viwili kwa joto la kadiri, lakini sijathubutu, na sidhani nitathubutu. Ukipita Lamu uliza nyumba yenye kava la mbawa ukumbini, nikupigie ule wa kwanza, tuone kama utajua ni wapi gimbri inayumba na wapi ni jua langu la Februari.