Njia ya kupiga kasia mtoni: ramani baadaye, mto kwanza

Umeuliza kama kikundi chenu, kinachotaka kuanzisha njia ya watu kusafiri kwa mtumbwi mtoni, kianze na ramani au mabango. Mimi nasema pigeni kwanza kasia mto mzima wenyewe, mara mbili: maji yakiwa mengi, kisha yakiwa yamepungua. Mtashangaa, ni kama mito miwili tofauti.

Andikeni kila pa kushukia, nani mwenye ardhi, na gari linafika wapi. Mtu asiye na mazoezi huenda kama kilomita 4 au 5 kwa saa, kwa hiyo vituo vikiachana kilomita 10 hivi, ana safari ya nusu siku. Kibali cha mwenye ardhi kiwe cha maandishi; maneno ya mdomo husahaulika.

Kinachonitia hofu ni zile kuta fupi zilizojengwa kukatiza mto. Ukitokea juu unaona maji yametulia tu, kumbe chini yanajizungusha na kumrudisha mtu ukutani, hata akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Hapo wekeni bango mapema, mtu akiwa bado na nafasi ya kutoka, na njia ya kubebea mtumbwi kupita kando.

Vyoo na maegesho vitafuata. Rangi ya nembo, hata msiibishanie sasa.